KUUZA CHENJI: JE, SARAFU YA SHILINGI NI FULUSI YA KALE?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Neno "sarafu" tunalolitamka kila siku tukilipa nauli au tukinunua fungu la dagaa lina nasaba ya Kiarabu. Limetoka katika mzizi uliotoa neno sarf, yaani kubadilishana fedha kwa fedha, na sarf ni mlango maalumu katika vitabu vya fiqhi. Mwenye kushika sarafu mkononi, basi, ameshika kitu ambacho jina lake lenyewe linamkumbusha hukumu. Pamoja na hayo, darsa kuhusu sarafu ni chache mno. Tunakemea riba ya benki, na tunafanya vyema, lakini riba ya shilingi hamsini inapita mbele yetu stendi nasi tumenyamaza.

Makala hii inahakiki hoja moja inayotolewa na baadhi ya wasomaji wa vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi: kwamba kuuza chenji kwa ziada hakuna ubaya, kwa kuwa sarafu za madini ni fulusi, na fulusi hazina riba. Tunaiheshimu hoja hii kwa sababu ina asili vitabuni. Hata hivyo tunaona imewekwa pasipo mahali pake.

SURA YA SUALA

Katika vituo vya daladala vya Dar es Salaam imezoeleka tangu miaka mingi kuwakuta watu wanaouza chenji. Kondakta anatoa noti ya shilingi 1,000 naye anapewa sarafu za shilingi 950, au hata 900. Tuchukue sasa mfano wa kondakta wa haisi inayotoka Bukoba kwenda Muleba kupitia Kemondo. Tuseme kwa siku anahitaji sarafu za shilingi 20,000, na kila elfu moja anakatwa hamsini. Kwa siku amepoteza shilingi 1,000, na kwa siku ishirini na sita za kazi amepoteza 26,000. Hasara hiyo ataifidia wapi? Mara nyingi huifidia kwa abiria. Mama aliyepanda na mkungu wake wa ndizi ataambiwa "chenji hakuna", na atashuka bila ya mia yake. Kwa hiyo jambo haliishii kwa watu wawili walioridhiana. Linamfikia wa tatu ambaye hakuulizwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika historia ya usafiri wetu. Jina "daladala" lenyewe, kama linavyoelezwa, limetokana na "dala", yaani dola, jina la mitaani la sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo iliyokuwa nauli ya mabasi hayo yalipoanza. Leo sarafu ya shilingi tano haionekani sokoni, wala ya kumi, wala ya ishirini. Dala imekufa, jina limebaki kwenye basi.

HOJA YA WANAOHALALISHA

Ni kweli kwamba wanazuoni wa Kishafi wamesema sababu ya riba katika dhahabu na fedha ni kuwa vitu hivyo viwili ndivyo asili ya thamani. Imam Nawawi ameeleza kuwa kauli sahihi katika madhehebu ni kwamba fulusi, yaani sarafu ndogo za shaba, haziingii katika riba hata zikitumika sokoni kama fedha, na ametaja kuwa ipo kauli nyingine, isiyotegemewa, inayoziingiza. Mwenye hoja anashika hapo na kusema: sarafu yetu si dhahabu wala fedha, basi ni fulusi, basi mia tisa na hamsini kwa elfu moja ni biashara ya halali.

Lakini fulusi zilikuwa nini zama zile? Zilikuwa vijisarafu vya kununulia vitu duni, pembeni ya dinari na dirhamu. Thamani kubwa, mahari, diya na zaka vilihesabiwa kwa dhahabu na fedha. Hata hapa pwani yetu, masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba kwa ajili ya soko. Leo dinari haipo sokoni, dirhamu haipo. Kilichobaki ni noti na sarafu, vyote vikitolewa na Benki Kuu moja, kwa jina moja la shilingi. Hakuna "fedha kubwa" nyuma yake ambayo sisi tuifanye ndiyo yenye riba.

Tukisema sarafu haina riba kwa kuwa si dhahabu, basi na noti ni hivyo hivyo, kwani karatasi iko mbali zaidi na dhahabu kuliko chuma. Hapo itamlazimu mwenye hoja aruhusu kuuza noti ya shilingi 10,000 kwa shilingi 12,000 za mwezi ujao, mradi tu wasiite mkopo bali waite mauzo. Na itamlazimu aseme kuwa mfanyabiashara wa kahawa aliyeweka mamilioni kabatini mwaka mzima hana zaka juu yake, maana fulusi zisizokuwa bidhaa ya biashara hazina zaka katika madhehebu. Hatujamwona mtu wa elimu katika nchi yetu anayekubali matokeo haya mawili. Hoja ambayo mwenyewe anaikimbia inapofika mwisho wake haifai kutegemewa mwanzoni.

USHAHIDI WA SHILINGI MIA TANO

Mwaka 2014 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 500, yenye sura ya Sheikh Abeid Amani Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, ichukue nafasi ya noti ya thamani hiyo, kwa kuwa noti ndogo hupita mikono mingi na kuchakaa upesi. Kwa miaka kadhaa noti na sarafu zilitembea pamoja. Kisha noti ya mia tano ya toleo la 2010 ikawekwa katika orodha ya noti za zamani zilizotakiwa kubadilishwa benki kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025.

Sasa tuulize: mtu aliyekuwa na noti ya mia tano mwaka 2013 alikuwa na mali yenye riba, kwa makubaliano ya wanazuoni wengi wa zama hizi. Akaipeleka benki akapewa sarafu ya mia tano. Je, mali yake imetoka katika hukumu ya riba kwa sababu imegeuka chuma? Thamani ni ile ile, mtoaji ni yule yule, na dukani itanunua kile kile. Kilichobadilika ni mwili tu. Sheria haijengwi juu ya mwili wa kitu huku maana yake ikiachwa.

Wanazuoni waliotangulia waliitazama maana hiyo. Imam Malik, kama ilivyopokewa katika Mudawwana, alichukia fulusi ziuzwe kwa dhahabu au fedha kwa kucheleweshana, na akaona kwamba hata watu wangefanya ngozi kuwa fedha yao basi angechukia vivyo hivyo. Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alikataza falsi moja kwa mbili, akawakhalifu Abu Hanifa na Abu Yusuf walioruhusu zikiwa zimeainishwa. Na Sayyidna Umar (R.A.) imepokewa kuwa aliwahi kufikiria kufanya dirhamu za ngozi ya ngamia, akaambiwa kwamba ngamia watakwisha, akaacha. Tazama kuwa kilichomzuia ni khofu juu ya ngamia. Hakusema kuwa ngozi haiwezi kuwa fedha. Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kuwa fedha za karatasi ni fedha kamili, zenye hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Sarafu ya madini inayohesabiwa kwa kipimo kile kile inafuata.

UDHURU MWINGINE NA MAJIBU YAKE

Wapo wanaosema: sarafu zina manufaa zaidi kwa kondakta kuliko noti, na ziada ni malipo ya manufaa hayo. Jibu lake limo katika hadithi ya Bilal (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alibadilisha pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende nzuri, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa hiyo ndiyo riba yenyewe, akamwelekeza auze zile duni kisha kwa thamani yake anunue nzuri. Ubora na haja havikuhalalisha ziada ndani ya jinsi moja.

Wengine husema: huu ni ujira wa kuzikusanya. Hapa pana tofauti inayotakiwa kushikwa. Kondakta akimtuma kijana benki, akampa 20,000, akaletewa 20,000 kamili za sarafu, kisha akamlipa ujira uliotajwa mapema kwa safari yake, huo ni ujira na ni halali. Ama mtu anayebadilisha sarafu zake mwenyewe na kukata kwa kila elfu, ziada imo ndani ya sarf yenyewe, hata akiipa jina la ujira.

Wengine hutaja Mutukula, ambako shilingi ya Uganda na ya Tanzania hubadilishwa kwa viwango tofauti kila siku. Hilo ni jinsi mbili mbalimbali, kama dhahabu kwa fedha: kuzidiana kunajuzu, na sharti ni kukabidhiana hapo hapo. Shilingi ya Bukoba na shilingi ya Muleba ni jinsi moja.

Na wapo wanaosema ni dharura. Dharura huja pale njia nyingine zinapofungwa. Katika misikiti yetu, masanduku ya sadaka za Ijumaa hujaa sarafu. Kamati ya msikiti ikiwabadilishia makondakta na wauza duka kwa sawa kwa sawa, msikiti unapata noti nyepesi za kupeleka benki, nao wanapata chenji bila ya kukatwa hata senti. Hii ni khidma ndogo yenye thawabu kubwa, na wazee wa misikiti ya Bukoba na Muleba wanaweza kuianza Ijumaa ijayo.

MUSTAKBALI WA SARAFU

Buhaya imeona fedha nyingi zikija na kuondoka. Wazee walinunua na kuuza kwa simbi za baharini. Emin Pasha alipojenga boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890, rupia ikafuata. Mwaka 1904 rupia ikaacha kugawanywa pesa 64 ikagawanywa heller 100. Waingereza wakaleta shilingi ya senti mia mwaka 1921, na mwaka 1966 Benki Kuu yetu ikatoa shilingi ya Tanzania. Kila moja ilionekana ya kudumu.

Kwa wenzetu pia sarafu ina misukosuko. Marekani ilitoa sarafu za dola moja mwaka 1979, ikarudia 2000 na 2007, na watu wakazikataa kwa sababu noti ya dola iliachwa iendelee. Mwisho wa 2011 utengenezaji wake kwa ajili ya mzunguko ukasimamishwa, kwani zilirundikana ghalani. Kanada ilitoa yake mwaka 1987, ikaacha kutoa noti mwaka 1989, na sarafu ikashika. Kwetu mia tano imeshika kwa njia hiyo. Lakini hamsini na mia zinafuata njia ya dala, kwani bei zikipanda sarafu ndogo hupoteza kazi, na malipo ya simu, yaliyoanza nchini kwa M-Pesa mwaka 2008, yamepunguza haja yake.

Al-Maqrizi, aliyeandika Misri karibu mwaka 808 Hijria (1405), alilalamika kuwa watawala walijaza fulusi sokoni mpaka fedha nyeupe ikatoweka na bei zikapanda. Kwetu ni kinyume: noti zimejaa, sarafu zinatoweka. Na kadiri chenji inavyokuwa adimu ndivyo mwenye kuiuza atakavyokata zaidi. Ndiyo maana hukumu hii inahitajika sasa kuliko ilivyohitajika wakati sarafu zilipokuwa tele.

Tunamalizia na neno jingine la nasaba hiyo. "Mufilisi" limetoka kwenye fals: mtu aliyebakiwa na fulusi tu. Mtume (S.A.W.) amewafundisha Masahaba kwamba mufilisi wa kweli ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini amewadhulumu watu, basi wachukue katika mema yake mpaka yaishe. Mia ya yule mama wa ndizi ni katika madeni hayo. Kondakta na amrudishie, muuza duka asimlazimishe mteja pipi badala ya chenji pasipo ridhaa yake, na muuza chenji na atafute riziki katika kazi ambayo Mola ameihalalisha.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.