Mguu Mwepesi Juu ya Theluji

Mwezi wa Desemba hapa Umeå, kaskazini mwa Sweden, jua huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa nane mchana. Nakwenda kazini gizani na kurudi gizani, na katika safari zote mbili naendesha gari dogo jekundu aina ya Mazda MX-5: viti viwili, paa la turubai, na nguvu za injini zinakwenda magurudumu ya nyuma peke yake. Majirani wenye magari ya namna hii huyafunika Oktoba na kuyafunua Aprili. Siwalaumu, kila mtu hulinda mali yake. Lakini mimi nimeliendesha langu miaka kumi na moja, masika na kipupwe, na naamini kwamba miezi wanayolifungia gari gereji ndiyo miezi ambayo lina mengi ya kumfundisha dereva.

Gari la siku hizi humficha dereva mambo. Kompyuta yake hupima mzunguko wa kila gurudumu, na moja likianza kuteleza hupunguza nguvu ya injini au hugusa breki kabla mtu hajajua kuna jambo. Ni msaada mkubwa, na wako watu walio hai leo kwa sababu yake. Langu ni la 1991 na halina chochote cha aina hiyo. Linachokisikia tairi hupanda kwenye usukani na kwenye kiti, kikanifikia kilivyo. Wahandisi wa Mazda walipolibuni walikuwa na msemo wa Kijapani, jinba ittai, yaani mpanda farasi na farasi wake wawe mwili mmoja. Uzito wake ni chini kidogo ya tani moja, umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Kwenye lami kavu mizani hiyo ni raha tu. Kwenye theluji ndiyo maisha yako.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukipiga breki kwenye lami kavu ukiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari litasimama baada ya mita 12 au 13. Kwenye theluji iliyoshindiliwa utahitaji kama mita 40. Kwenye barafu iliyolowa, karibu mita 100. Gari ni lile lile, mguu ni ule ule, ila ardhi imekunyang'anya sehemu kubwa ya kile ulichokuwa ukikitegemea bila kukifikiria. Basi kilichobaki inabidi ukitumie kama mtu anavyotumia akiba ya mwisho wa mwezi. Ukikitumia kupunguza mwendo, hakibaki cha kukatia kona. Ukikitumia kukata kona, usithubutu kukanyaga mafuta kwa nguvu. Ufundi wote umo hapo: kufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na kulifanya mapema. Breki upige gari likiwa bado limenyooka, uachie, ugeuze usukani taratibu, halafu mafuta uyarudishe kidogo kidogo usukani unaponyooka.

Nikitafuta mfano namkumbuka mama yangu akitembea na mdogo wangu mgongoni, mtoto akiwa amelala. Alikuwa anatembea haraka tu, maana kazi zilikuwa zinamngoja. Ila hakugeuka ghafla wala hakusimama ghafla, na akitaka kuinama alianza kuinama kabla hujaona kwamba anainama. Uzito wa mtoto haukuwahi kumshtukiza. Ndivyo uzito wa gari unavyotaka kuchukuliwa. Ukigusa breki unalala mbele, pua inashika na mkia unakuwa mwepesi. Ukikanyaga mafuta unarudi nyuma, mkia unashika na pua inalegea. Dereva mzuri wa theluji anajua kila dakika uzito wake umelala wapi.

Watu hunishangaa kwamba mtoto wa Nakuru amekuja kupenda theluji kiasi hiki. Mimi sioni cha ajabu. Pasaka ya mwaka 1990, nikiwa na miaka tisa, baba mdogo alinipeleka kando ya barabara ya matope kutazama mashindano ya magari ya Safari Rally. Tulingoja toka alfajiri. Toyota Celica ya dereva Björn Waldegård ilipotokea ilikuwa imekaa upande, pua imetazama shimoni, na bado inakwenda mbele. Nilidhani inaanguka. Baba mdogo, ambaye alikuwa fundi wa magari, akanishika bega akasema, "Tulia, tazama magurudumu ya mbele." Nikatazama. Yalikuwa yamegeuzwa kule dereva alikotaka kwenda, yametulia kabisa, huku gari zima likicheza nyuma yake.

Waldegård alishinda mwaka ule akiwa na umri wa miaka 46. Ulikuwa ushindi wake wa nne wa Safari, baada ya 1977, 1984 na 1986. Ni baada ya kuhamia huku Sweden, kwao, ndipo nilipojua alikotoka. Kabla hajajulikana Kenya alikuwa ameshinda mashindano ya theluji ya Sweden miaka mitatu mfululizo, 1968 hadi 1970, na yale ya Monte Carlo 1969 na 1970, kwa Porsche 911, gari la michezo ambalo injini yake imekaa nyuma kabisa, na mkia wake haumsamehe dereva mwenye pupa. Hannu Mikkola wa Finland, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, mwaka 1972, naye alilelewa na barafu. Kwangu hilo si sadfa. Matope mekundu ya Bonde la Ufa na theluji ya kaskazini humfundisha dereva somo moja, kwamba ardhi chini yako haijatulia, nawe usiidai zaidi ya inachoweza kutoa. Leo mashindano ya dunia hupita hapa Umeå kila Februari, tangu 2022, na mwaka huo huo madereva wale wale hufika Naivasha kwa ajili ya Safari.

Kazi inaanza kabla ya ufunguo. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi yangu huanza kwa kifagio laini. Nafagia paa kwanza, kisha kioo cha nyuma, ambacho kwa gari la umri huu ni plastiki. Kikiwa na baridi hukikunji wala hukikwangui, kitapasuka. Kwa hiyo paa langu likifungwa Oktoba halifunguliwi tena hadi Aprili. Halafu taa. Taa za gari hili hulala ndani ya boneti na kuinuka zikiwashwa, na barafu hupenda kuziba ule ufa mwembamba unaozizunguka. Napitisha vidole pembeni, bila glovu, maana glovu haisikii. Kipande cha barafu kinang'oka, nawasha swichi, na macho mawili yanainuka gizani. Mipira ya milango nimeipaka silikoni mwezi wa Novemba isigandane na bodi. Usiku kucha waya wa umeme umekuwa ukipasha injini joto kutoka kwenye nguzo ya maegesho, kama magari mengi ya huku. Betri iko kwenye buti, na hiyo naipenda, kwa sababu huongeza uzito kidogo kule unakohitajika.

Matairi nayo ni elimu nzima. Sheria ya Sweden inataka matairi ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ikiwa na theluji au barafu, na mifereji ya matairi hayo iwe na kina kisichopungua milimita 3. Mpira wa matairi ya kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi kama 7. Yangu yana misumari midogo ya chuma, na ni membamba kidogo kuliko yale ya kiangazi, yapate kukata theluji badala ya kuelea juu yake.

Hapo ndipo niliposhikwa. Ilikuwa majira yangu ya tatu ya baridi, mwezi wa Machi, siku nzuri yenye jua. Mchana theluji iliyeyuka, jioni ikaganda, na kipimajoto kikakaa kwenye sifuri. Sikujua wakati ule kwamba barafu ya sifuri, yenye utando wa maji juu yake, inateleza kuliko barafu ya nyuzi 20 chini. Kwenye kona moja nje ya mji mkia ukaondoka. Niligeuza usukani inavyotakiwa, lakini hapakuwa na kitu cha kushika. Gari likazunguka mara moja na nusu, taratibu, kwa utulivu ambao bado nausikia tumboni, likaingia kinyumenyume kwenye tuta la theluji.

Mzee mmoja alisimama na gari lake la mizigo. Kabla hajafungua kamba alipiga magoti akaingiza kidole kwenye mifereji ya tairi la mbele, kisha la nyuma. Duka lililonifungia matairi lilikuwa limeweka yenye kina zaidi mbele na yaliyochakaa nyuma. Mzee akainuka, akapangusa magoti, akasema, "Mazuri yawe nyuma. Mbele ukiteleza unajua. Nyuma ukiteleza umechelewa." Alinivuta, akakataa malipo, akaenda zake.

Adui mwingine ni chumvi inayomwagwa barabarani. Baridi ikifika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi hupungukiwa nguvu ya kuyeyusha, lakini kabla ya hapo inakula chuma bila huruma. Magari haya huanza kushika kutu kwenye vizingiti vya milango, pale maji ya paa yanapotuama vitundu vya kuyatoa vikiziba. Kila mwezi naingiza waya laini wa plastiki kwenye vitundu hivyo. Kila Septemba nalala chini ya gari na mafuta ya kuzuia kutu, napaka kila ungio, na harufu yake hukaa kwenye nywele siku mbili. Nikilala pale namkumbuka baba mdogo, ambaye hakuwahi kukaribia theluji maisha yake yote, na bado alinifundisha mahali pa kutazama.

Basi wewe uliyeko Oslo, Toronto au Minneapolis, uliyelifunika gari lako ukingoja jua: lifunue. Tafuta uwanja mtupu wenye theluji mbichi, omba ruhusa ya mwenyewe, uzunguke polepole mpaka mkia ukuponyoke, urudie mpaka ujue unavyoanza kuponyoka. Usiingie barabarani kabla ya hapo. Na matairi mazuri yafunge nyuma.