Ubini katika Hesabu ya Watu na katika Riwaya ya Kitereza

Mtu atakaye kufuata ubini wa nadra kando ya Ziwa Victoria, tangu Mwanza hata Ukerewe, kwa kawaida huanzia kwenye vitabu vya hesabu ya watu. Njia hiyo yafaa Uingereza, ambako daftari za tangu 1841 zina majina ya watu wa kila nyumba, na mtoto huchukua jina la babaye. Hapa kwetu haifiki mbali. Vitabu vya hesabu za 1948, 1957 na 1967 vyatoa idadi, wilaya na kabila. Jina la mtu halimo. Na baada ya 1967 hata swali la kabila liliondolewa.

Walakini hata kama majina yote yangalichapwa, shida ingalibaki. Ushahidi wake naupata katika riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, yeye akafariki 1981. Tazama anwani yake: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni mfano wa karatasi ya karani: mume, mke, mtoto wa kiume, mtoto wa kike. Lakini hakuna jina hata moja humo limfungalo mtoto na babaye.

Kinachowafunga ni msiba. Wazazi hao walikaa miaka bila mtoto. Mke akasimangwa na jamaa za mumewe hata wazaziwe wakamtwaa, na mume akamrudisha kwa faini ya pombe ya ndizi, kisha wakaenda kwa mganga. Mtoto alipopatikana akaitwa Ntulanalwo, yaani naishi nacho siku zote, maana yake kifo; na umbu lake Bulihwali, yaani mateso yatakwisha lini.

Kitereza hukawia, sikatai. Kupika pombe, kulima, kuvua, salamu za mlangoni: pengine angalipunguza, na mwanafunzi aliyezoea riwaya fupi huruka kurasa. Katika jambo la majina, hata hivyo, kukawia huko ndiko hasa kunakofaa, kwa kuwa asiyengoja pamoja na Bugonoka miaka ile yote hawezi kusikia uzito wa jina la mwanawe.

Leo fomu zataka majina matatu, na jina la babu hugeuka ubini kwa kalamu ya karani. Mjukuu wa Ntulanalwo angeandikwa mjini Mwanza kwa jina la msiba asioujua. Wajukuu wa Bulihwali wangeandikwa kwa jina la mumewe, wasionekane kuwa jamaa kabisa. Basi ubini huo huwa wa nadra kwa sababu ulikuwa jina la mtu mmoja, si la ukoo. Atafutaye na aulize kwanza jina lilitolewa kwa tukio gani, tena mama wa mtoto alitoka nyumba gani. Kitereza ameyajibu yote mawili. Vitabu vya hesabu havina safu yake.