Mapenzi ya Lugha Mbili, Sauti ya Mtu Mmoja

Filamu ya Kihindi unayoikuta Nyabugogo, stendi kuu ya mabasi ya Kigali, mara nyingi huisikii kwa Kihindi. Juu ya sauti za waigizaji kuna mwanamume mmoja anayemwaga Kinyarwanda: ndiye kijana, ndiye binti, ndiye mama mtu, na katikati ya ugomvi anachomekea maneno yake mwenyewe. Hizo ndizo filamu za agasobanuye. Zilimpa jina marehemu Nkusi Thomas, maarufu kama Yanga, aliyefariki Agosti 2022, na mdogo wake Junior Giti anaendelea nazo. Kwa kazi hiyohiyo, Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wanaye VJ Jingo.

Ufundi wenyewe hauna siri. Sauti ya filamu inashushwa msimuliaji anapoongea, inapandishwa kwenye wimbo, risasi au kilio. Filamu ya ngumi inauvumilia mtindo huu vizuri, maana hata akichelewa sentensi mbili hakuna kinachopotea. Mapenzi ndiyo yanayomtoa jasho, hasa mapenzi ya watu wasiojua lugha moja.

Chukua Ek Duuje Ke Liye ya mwaka 1981. K. Balachander alikuwa amekwisha kuitengeneza hadithi hiyo kwa Kitelugu mwaka 1978, kwa jina la Maro Charitra. Katika toleo la Kihindi, Kamal Haasan ni Vasu, kijana Mtamil, na Rati Agnihotri ni Sapna, binti wa familia ya kaskazini. Wanaishi jirani huko Goa. Wazazi hawapikiki chungu kimoja, na mwishowe wanawapa sharti la kutengana mwaka mzima bila kuwasiliana. Ila mtego wa Balachander umo kwenye sauti. Mtazamaji wa Kihindi anamsikia Vasu akiongea Kitamil na hapati kitu, kama Sapna asivyopata kitu, kwa hiyo naye anabaki kusoma macho na mikono. Hajui zaidi ya binti anavyojua.

Sasa msimuliaji anashika maiki na kutafsiri Kitamil na Kihindi vyote viwili, kwa Kinyarwanda kilekile na sauti ileile. Abiria ndani ya basi anajua kila kitu kabla ya wapenzi wenyewe, na anaanza kushangaa kwa nini hawa wawili wanapigana chenga. Tafsiri ni sahihi neno kwa neno, na filamu imekufa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni wimbo wa ndani ya lifti. Vasu hana Kihindi cha kumbembeleza mtu, kwa hiyo mtunzi Anand Bakshi ameunga majina ya filamu za Kihindi karibu wimbo mzima, na kijana anayatumia kama maneno yake. Kuyatafsiri majina hayo moja moja ni kupoteza muda. Ningekuwa mimi, ningesema mara moja tu kwamba hayo anayoimba ni majina ya filamu, kisha nikae kimya mpaka mlango ufunguke.

Kuna wazo jingine linalovutia: Sapna aongee Kinyarwanda, Vasu apewe Kiswahili. Nyabugogo hiyo ni malighafi ya bure. Watu pale wanakitofautisha Kiswahili cha Bukavu na cha Dar kwa sentensi moja, na tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi. Lakini hilo ndilo tatizo: kinaeleweka mno. Tena kinakuja na watu wake, madereva na wafanyabiashara wa mtaa wa Nyamirambo, na Vasu angegeuka mpiga debe. Afadhali Kitamil kiachiwe kisikike hivyo hivyo, bila maelezo.

Chennai Express ya Rohit Shetty (2013) inataka kinyume chake. Deepika Padukone na Shah Rukh Khan wamezungukwa na wapambe Watamil ndani ya treni, wanapeana habari kwa kuimba Kihindi ili wale wasielewe. Msimuliaji akinyamaza hapo, kichekesho kinapita hewani. Ule umbea wake, “hawa majitu hawajui kinachosemwa,” ndio unaookoa tukio.

Filamu za Kikannada kutoka Bengaluru zina mkosi wa ziada. Zinazovuka mipaka, kama K.G.F. ya 2018, husambazwa pia kwa Kihindi. Kama kisa ni cha Mkannada na Mtamil, toleo hilo limekwisha kuwapa wote wawili lugha moja kabla msimuliaji hajafungua kinywa. Hana tena sauti ya asili ya kuiachia. Amebakiwa na picha: herufi kwenye vibao vya maduka, sahani ya chakula, uso wa binti anapokodoa. Na itabidi aseme mwenyewe, kila mara, kwamba huyu kaongea kwao na yule hajaelewa.