Springi Haichoki kwa Kuegeshwa

Land Rover 109 ikisimama uani miaka kadhaa hapa Mtanda, pwani ya kusini mwa Tanzania, mwisho wake huinama mbele, na mara nyingi upande wa dereva. Vijiweni jibu liko tayari: springi zimelala kwa kukaa sana. Fundi huambiwa azifungue zikagongwe kwa mhunzi, au aongeze pleti moja, basi. Gari linainuka, mwenyewe anafurahi, na kabla mwaka haujaisha limerudi palepale.

Chuma cha springi hakinyooki kwa kubeba mzigo kiliotengenezewa. Kinachokimaliza ni kazi kupita kiasi, kisha kutu. Na magari haya kazi yaliiona. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam kulimaanisha kupanga foleni ya kivuko cha Rufiji na kupita barabara ambayo masika yaliigeuza tope. Gari lililopakiwa magunia kwenye njia ile lilichoka likiwa bado linatembea. Kuegeshwa kulikuja baadaye, kukaleta chumvi.

Kwa mnunuzi, hatari ya Land Rover ni kwamba bodi yake haisemi ukweli. Ilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa na bodi ya aluminiamu, kwa kuwa katika Uingereza ya baada ya vita chuma kiligawiwa kwa kibali. Chesisi, ekseli na springi zilibaki za chuma. Kwa hiyo upepo wa bahari unaweza kula chini miaka yote huku milango na bonneti vikikuangalia bila doa. Watu wengi wamenunua bodi.

Gari ninalolichambua ni Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, usukani kulia. Fundi aliyelishika hakugusa spana kwanza. Alijaza upepo tairi zote sawa, akalisukuma mpaka kwenye sakafu ya saruji, kisha akapima kwa futi kutoka ekseli hadi chini ya chesisi, pembe zote nne. Kupima kutoka ardhini hadi bampa ni kujidanganya, maana bampa imepinda na tairi hazilingani. Mbele kulia palikuwa chini kwa vidole vitatu hivi.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonivutia. Aliweka jeki moja katikati kabisa ya mhimili wa mbele wa chesisi, akainua hadi springi za mbele zikaacha kubeba. Mbele ikishikwa katikati peke yake, haiwezi kulilaza gari upande wowote. Mlalo unaobaki unatoka nyuma. Na ulibaki, kiasi cha nusu. Alipobandua matope kwenye springi ya nyuma kulia, pleti ya pili kutoka juu ilikuwa imekatika karibu na bolti ya katikati, nyufa zake zimezibwa na kutu. Ungezigonga springi za mbele mpaka kesho, gari lile lisingepona.

Kufungua ndiko kulikokula muda. Springi imeshikwa upande mmoja na bolti, na upande wa pili na vishikizi viwili vya chuma vinavyoining'iniza kwenye chesisi. Ndani ya kila tundu kuna bushi: mpira kati ya mirija miwili ya chuma. Bolti na mrija wa ndani vilikuwa vimeshikana kwa kutu vikawa kitu kimoja. Ukizungusha bolti, mpira unajinyonga na kurudi. Nyundo hapo inapinda chesisi tu. Alipitisha msumeno wa chuma kati ya springi na kishikizi, akakata bolti pande zote mbili. Mrija wa nje uliobaki ndani ya chesisi aliukata kwa urefu, polepole asije akaitoboa chesisi yenyewe, akaukunja kwa tindo ukatoka. Yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli nazo alizikata. Hizo hazirudishwi hata zikiwa nzima.

Springi zilipotenganishwa, kutu ilibanduka kati ya pleti kama magamba ya changu. Hapa ndipo hesabu inapoingia. Ugumu wa pleti hufuata kipeo cha tatu cha unene wake. Pleti ya milimita 6 ikiliwa ikabaki 5.4, imepoteza sehemu moja tu ya kumi ya unene, lakini zaidi ya robo ya ugumu. Mhunzi anaweza kuirudishia mkunjo; chuma kilicholiwa hatakirudisha. Tena akiipasha kwa gesi mpaka ikawa nyekundu na kuiacha ipoe yenyewe, amelainisha kile kilichokuwa springi. Akiitumbukiza kwenye maji, itakatika. Kugonga kunafaa pale tu pleti bado ni nene na mhunzi anajua kuizima kwenye oili na kuipasha tena kwa kipimo. Kuongeza pleti moja juu ya zilizoliwa ni kuficha ugonjwa, na kurefusha vishikizi ni kubaya zaidi: gari linainuka, lakini pembe ya ekseli inabadilika na usukani unabadilika nao.

Zilipolazwa sakafuni ubavu kwa ubavu, springi mbili za mbele hazikufanana mkunjo. Hilo si kosa. Upande wa dereva kiwandani uliwekewa iliyokunjwa zaidi, ili ibebe dereva na uzito wa upande wake. Kosa ni kwamba iliyokunjwa zaidi ilitoka kushoto. Kuna mtu aliwahi kuzifungua akazirudisha kinyume.

Ziliagizwa mpya Dar es Salaam, mbili za mbele na mbili za nyuma, zikashuka na basi. Kati ya pleti alipaka grisi ya grafaiti. Oili chafu, ambayo gereji nyingi huimwagia springi kwa wema, hulainisha siku chache, huokota mchanga na kuozesha mpira wa bushi. Bolti za bushi alizitia kwa mkono tu, akashusha gari likasimama kwa magurudumu, akalitikisa, ndipo akakaza. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira unafungwa ukiwa umejipinda, na unachanika mapema. Yubolti zilikazwa tena baada ya gari kutembea.

Mwenye gari alipokuja kulichukua, tangi likiwa karibu tupu na hakuna mtu ndani, alilizunguka akasema sasa linaegemea kushoto. Fundi alimwambia aingie, akae kwenye usukani, yeye apime tena.