Nchi Nzima Ndani ya Megabaiti 32

Maganzo ni mji mdogo wa wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, uliokaa kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, jirani na machimbo ya almasi ya Mwadui ambayo Dakta John Williamson aliyagundua mwaka 1940. Na kama ilivyo katika miji mingi ya ukanda huu wa madini, kutoka Shinyanga hata Geita, jioni ikiingia vijana waliotoka mashimoni, gereji na shuleni hukusanyika katika vibanda vya gemu. Vifaa vya vibanda hivyo si vigeni kwa msomaji: PlayStation 2 moja au mbili, runinga ya chogo, pedi ambazo vitufe vyake vimelika kwa vidole, na pengine kompyuta ya mtumba iliyostaafu kazi ya ofisi katika nchi ya mbali. Juu ya vifaa hivyo vikongwe bado inachezwa, tena inachezwa vizuri, Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya Rockstar North ya Edinburgh, Uskoti, iliyotolewa Oktoba 2004. Hadithi yake ni ya watu wazima na ina mengi yasiyowafaa watoto, nami siitetei. Ninalotaka kulichambua ni ustadi wa mafundi walioitia nchi nzima katika mashine ndogo, kwa sababu ustadi huo una funzo kwa kila mtu wa Afrika Mashariki anayetamani kuandika programu itakayotumiwa na jirani zake.

Hisabu ya mashine ndiyo inayodhihirisha ukubwa wa tatizo. PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Machi 2000, ina prosesa ya takriban megahezi 295, kumbukumbu kuu ya megabaiti 32, na chombo cha kuchorea picha chenye kumbukumbu yake ya megabaiti 4 tu. Nchi ya San Andreas, kwa upande wake, ni mraba wa kilomita 6 kwa 6, wenye miji mitatu ya Los Santos, San Fierro na Las Venturas, pamoja na mashamba, jangwa na mlima Chiliad baina yake, na yote yamehifadhiwa katika santuri ya DVD ambayo uwezo wake, gigabaiti 4.7, ni zaidi ya mara 100 ya kumbukumbu ya mashine. Hata zile megabaiti 4 za picha zina mgawanyo mkali: picha moja ya nukta 640 kwa 448, ikipewa baiti 4 kwa kila nukta, hula baiti 1,146,880, na kwa kuwa mashine huhitaji picha moja inayotazamwa, ya pili inayochorwa wakati ile ya kwanza ingali kwenye runinga, na jedwali la tatu la kupambanua kilicho mbele na kilicho nyuma, mwenye kuyahifadhi yote matatu kwa ukamilifu hubakiwa na pungufu ya megabaiti moja kwa ajili ya sura za kuta, lami, nguo na nyuso zote. Fauka ya hayo kuna mpaka wa wakati: fremu 25 kwa sekunde, ambazo ni nusu ya mapigo 50 ya runinga za mfumo wa PAL zilizoenea kwetu, huacha milisekunde 40 kwa kila fremu, na ndani ya wasaa huo sharti gari lisogee, askari wafikiri, redio iimbe, na picha ikamilike.

Jawabu la kwanza la mafundi lilikuwa kutoibeba nchi yote kwa wakati mmoja. Maumbo ya nyumba, miti na magari, pamoja na sura za kuyavika, yalifungwa katika mafaili makubwa yaliyogawanywa kwa vipande vya baiti 2,048, kipimo kilekile cha kipande kimoja cha data juu ya santuri, ili usomaji usipoteze hata chembe ya mwendo. Na mchezaji anapoendesha gari, mashine husoma kidogo kidogo kile anachokikaribia, na kukitupa kile alichokiacha nyuma, bila kumsimamisha kwa ishara ya kungoja. Desturi hiyo ilianza katika Grand Theft Auto III ya mwaka 2001, na Obbe Vermeij, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi wa Rockstar North, amesimulia hadharani jinsi mwenzake Adam Fowler alivyoishughulikia kazi hii, na jinsi ilivyolazimu mahali pengine kuipanga upya barabara ili dereva apunguze mwendo, kwani gari lilikuwa likienda kasi kuliko santuri inavyoweza kusomwa. Msomaji na aitafakari hekima hiyo: kona iliyoonekana na mchezaji kama pambo la mji iliwekwa pale ili lenzi inayosoma santuri ipate muda wa kuleta mtaa unaofuata.

Ukweli wa jambo hili nimeushuhudia kwa macho yangu katika kibanda kimoja cha Maganzo. Vumbi la mji huu ni adui wa lenzi, na lenzi za mashine nyingi zimechoka, kwa hiyo wenye vibanda huiweka gemu katika flashi na kuiendesha kwa programu iitwayo Open PS2 Loader. Tundu la USB la PlayStation 2 ni la toleo la 1.1, ambalo upeo wake ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti 1 na nusu, ilhali DVD ya mwendo mara 4 hufikia megabaiti 5 kwa sekunde. Kijana aliyekuwa akicheza alitoka Los Santos kwa pikipiki ya kasi, na mara lami ikageuka utando wa rangi moja usio na mistari, nyumba zikawa maboksi yasiyo na madirisha, na ukuta wa duka ukatokea ubavuni mwake baada ya kuwa amekwisha kuupita. Hakulalamika. Aliachia kitufe cha mafuta, akangoja kitambo kidogo, madirisha yakarudi mahali pake, akaendelea na safari. Na bila kufundishwa na mtu alifanya kwa hiari yake lile ambalo mafundi wa Edinburgh waliwalazimisha wachezaji kulifanya kwa kuzipinda barabara.

Jawabu la pili ni kuchagua. Mchimbaji mdogo wa Maganzo anayechekecha changarawe hana nguvu wala muda wa kuikagua kila punje, bali huyatazama kwa makini yale mabaki tu ambayo chekeche imeyabakiza. Na vivyo hivyo mashine ya kuchora hainusuriki ila kwa kukataa kazi. Katika San Andreas kila kitu, tangu nguzo ya taa hata ghorofa, kimeandikiwa umbali wake wa kuonekana: nguzo hutoweka mapema, ghorofa hudumu, na nyumba iliyo mbali huwakilishwa na umbo jepesi lenye pembetatu chache, ambalo hubadilishwa na umbo kamili mchezaji anapolikaribia. Magari nayo huletwa machache kwa zamu, na hapo ndipo ilipo siri ya jambo ambalo kila mchezaji amewahi kuliona pasipo kujua sababu yake: ukipata gari la nadra, dakika chache baadaye magari ya aina hiyo hiyo yameenea barabarani, kwa maana umbo lake limekwisha kulipiwa nafasi katika kumbukumbu, na kulirudia hakuna gharama mpya.

Nuru ilifanyiwa tadbiri ya namna yake. Kukokotoa mwanga wa jua juu ya kila ukuta kwa kila fremu kungeimaliza mashine, kwa hiyo wasanii walizipaka ncha za pembetatu za majengo rangi mbili mapema, moja ya mchana na moja ya usiku, na saa ya gemu inaposogea mashine huzichanganya tu kwa kadiri ya wakati. Upeo wa macho nao ulitiwa ukungu, ukiongozwa na jedwali la saa na hali ya hewa linaloamuru ukungu uanzie wapi na uchoraji uishie wapi. Na katika Los Santos ukungu huo ukapewa rangi ya machungwa ya mji wa joto na moshi. Hivyo kificho cha udhaifu kikawa sehemu ya uzuri wa kazi, na mchezaji akaiona nchi kuwa kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu hakuwahi kuuona mwisho wake.

Kwamba ukungu ule ulikuwa na kazi mbili ilithibitika Novemba 2021, lilipotoka toleo jipya la gemu tatu za mfululizo huu, lililotengenezwa na Grove Street Games juu ya injini ya Unreal Engine 4. Toleo la kompyuta la mwaka 2005 liliridhika na prosesa ya gigahezi 1, kumbukumbu ya megabaiti 256 na kadi ya picha ya megabaiti 64. Toleo la 2021 lilitaka kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache, yaani mara 32, na kadi yenye gigabaiti 2. Kwa gharama hiyo yote ukungu uliondolewa, na aliyepanda juu ya mlima akaiona miji ikiwa imebanana kama vitu vya kuchezea juu ya meza, huku kasoro nyingine zikimkera hata mwenye mashine ya fahari. Tarehe 19 mwezi huo Rockstar waliomba radhi na kuahidi kuyarejesha dukani matoleo ya zamani ya kompyuta. Na mwanga wa mtindo wa kale pamoja na ukungu wake ukarudishwa katika toleo jipya Novemba 2024. Kompyuta ya mtumba ya Maganzo, yenye prosesa ya Core 2 Duo, gigabaiti 2 au 4 za kumbukumbu, na michoro ya Intel inayokopa kumbukumbu hiyo hiyo, haina mlango wa kuingilia katika toleo la 2021. Lile la 2005 linakaa ndani yake bila taabu, na likianza kugandaganda dawa yake inajulikana: punguza nukta kutoka 1920 kwa 1080, ambazo ni 2,073,600, hadi 800 kwa 600, ambazo ni 480,000, kisha ufupishe upeo wa kuona na ushushe ubora wa madoido.

Watengenezaji wa nchi tajiri wana daftari la kuwaongoza, kwani duka la Steam la kampuni ya Valve hutangaza kila mwezi hesabu ya vifaa vya wateja wake, na kwa miaka mingi kadi iliyoongoza humo ilikuwa GTX 1060 ya mwaka 2016, kadi ya watu wa kati. Daftari hilo lina manufaa, walakini huwahesabu walio ndani ya duka. PlayStation 2 ya kibandani na simu ya Tecno ya kijana wa Mwadui hazimo. Mwenye kuufuata wastani huo peke yake amekwisha kuwaacha nje watu wetu kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Tena mashine dhaifu ina faida ambayo mashine kuu haina: huonyesha makosa. Mapema mwaka 2021 mtu mmoja ajulikanaye kwa jina la t0st, aliyekuwa akicheza GTA Online, gemu ya mtandaoni ya mfululizo huu, kwa kompyuta yenye prosesa ya AMD FX-8350 ya mwaka 2012, alichoka kungoja takriban dakika 6 kila mara gemu ilipofunguka, akapima muda unapotelea wapi. Aligundua kwamba programu ilikuwa ikisoma orodha ya bidhaa ya megabaiti 10, na kwa kila neno ikihesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyosalia, kisha ikilinganisha kila moja ya bidhaa kama 63,000 na zote zilizotangulia. Alisahihisha hayo mawili, na kungoja kukapungua kwa takriban asilimia 70. Rockstar wakalikubali sahihisho na kumtunza dola 10,000. Kosa lile lilikaa miaka mingi mbele ya macho ya wenye prosesa za kasi, wao wakilivumilia kwa sababu kwao kungoja kulikuwa kufupi zaidi.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa waandishi wa gemu na programu wa Tanzania na Kenya ni ya kivitendo. Wapo waliotangulia kuielewa, kama Planet Rackus wa Nairobi walioitengeneza Ma3Racer, mbio za matatu, kwa ajili ya simu za Nokia zilizokuwa mikononi mwa watu. Weka juu ya meza yako ya kazi, kando ya kompyuta unayoandikia, simu ya bei ya chini inayouzwa Maganzo na kompyuta moja ya mtumba; gawa mapema kumbukumbu na milisekunde za kila fremu, kama mtu agawavyo posho ya nyumba; pima kila wiki kwa vifaa hivyo, na kisichotosha kipunguzwe siku hiyo hiyo, kabla kazi nyingine haijajengwa juu yake. Gemu itakayokwenda sawasawa katika kibanda cha Maganzo itakwenda sawasawa Dar es Salaam, Mombasa na London, ilhali iliyoandikwa kwa kutazama mashine za London peke yake hakuna anayeweza kuidhamini ifikapo Maganzo.