Nia Njema na Ulimi wa Maskini

Tarehe 20 Aprili 1968 padri Ivan Illich alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani waliokusanyika katika mkutano wa chama chao, CIASP. Vijana hao walikuwa na desturi ya kwenda Meksiko wakati wa likizo kubwa, kusudi wawasaidie maskini wa vijijini. Walimwalika awaambie neno. Akawaambia waache, wasiende. Hotuba ile ingali inasomwa hata leo, na sisi tumeisoma pamoja na mafratri wetu. Tunataka kuipima hapa, kwa maana inatugusa kuliko tulivyodhani.

Illich hakusema kwamba vijana wale wana moyo mbaya. Alikubali kwamba nia yao ni njema. Ndiyo sababu neno lake linauma. Alisema kwamba mtu asiyesikia lugha ya wenyeji hajui hata kile anachokitenda katikati yao, wala wanavyomfikiri. Tena aliwakumbusha juu ya pesa. Peace Corps, iliyoanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 1961, ilitumia dola 10,000 hivi kwa kila kijana kusudi azoee inchi ngeni. Lakini nani aliyetumia pesa kumtayarisha Mmeksiko maskini azoee mgeni huyo? Mwishoni akawapa shauri: mkitaka kusaidia, fanyeni kazi kwenu, kati ya maskini wanaosikia lugha yenu na wanaoweza kuwakataa usoni. Meksiko mje kutazama na kujifunza, msije kusaidia.

Katika neno hili la kukataa ndimo tunamoona nguvu ya hotuba. Sisi wenyewe tumelionja. Wakati wa staji tulitumwa parokia ya mbali, ambapo Kiswahili ni lugha ya soko, lakini wazee wanasali na kulia katika lugha yao, ambayo sisi hatukuisikia. Tulifundisha miezi mitatu. Tulipouliza kama wamesikia, wote walijibu: «Ndiyo, fratri.» Siku ya kuondoka katekista mzee alituita pembeni, akasema polepole: «Fratri, walikuwa wanakuheshimu tu.» Hatujasahau. Kuna «ndiyo» inayotoka rohoni, na kuna «ndiyo» ya mtu asiye na njia ya kusema «hapana».

Lakini katika hotuba kuna mambo mawili yanayotusumbua. La kwanza: maskini mwenyewe wa Meksiko hasemi humo hata neno moja. Illich anawalaumu vijana kwamba hawawezi kumsikia, halafu yeye anajibu pahali pake. Pengine mama fulani angalisema: «Msichana huyu anayemtibu mtoto wangu kidonda, mwacheni akae.» Pengine angalisema aondoke. Hatuambiwi.

La pili: maisha ya Illich yanashindana na maneno yake. Alizaliwa Vienna mwaka 1926. Alikuwa padri katika New York kati ya watu wa Puerto Rico, kisha akaenda kufanya kazi kisiwani kwao. Tangu mwaka 1961 nyumba yake ya Cuernavaca ilifundisha Kihispania wageni waliotumwa Amerika ya Kilatini. Basi mgeni anaweza kusikia, akikubali kunyamaza kwanza na kukaa muda mrefu.

Mwaka uliotangulia hotuba, 1967, Papa Paulo VI katika barua yake Populorum Progressio alifurahia vijana wanaojitolea kwa ajili ya mataifa maskini. Lakini aliwaonya pia wenye ujuzi wasiwe mabwana, bali wasaidizi na wenzi wa kazi, na wajifunze historia na desturi za wenyeji. Wengine watasema maandiko haya mawili yanagombana. Sisi hatuoni hivyo. Papa anaonyesha mlango; Illich anaonyesha namna ulivyo mwembamba.

Tusome tena Luka, sura ya 10. Bwana aliwatuma wale 72 bila mfuko. Wale chakula watakachopewa. Wakae katika nyumba iliyowapokea. Na mji ukiwakataa, watoke. Kumbe mwenyeji ana uwezo wa kufunga mlango! Aliyekuja na mfuko mzito, nani atathubutu kumfungia? Hapo ndipo Illich angaliweza kufika, asifike. Mgeni anaweza kuja, lakini aje kwa namna ambayo mwenyeji ataweza kumkataa.

Hata leo vijana wa Ulaya na Marekani wanafika Afrika kwa majuma machache, wakiwa na nia njema. Tusiwacheke. Fratri anayetumwa staji, padri anayehamishiwa parokia nyingine, ni wageni vile vile, na heshima ya watu inaweza kutufanya viziwi. Mbele ya kufundisha, tumwulize katekista: watu wanasema nini sisi tukiwa hatupo? Jibu likiwa kali, tumshukuru. Mapendo yasiyoweza kusikia «hapana» hayajawa bado mapendo.