Kiwiko Ndicho Shahidi: Kupima Ubora wa Ishara za Mkono

Ishara ya mkono ya kuendeshea kompyuta hupimwa kwa bega la mtumiaji, wala haipimwi kwa macho ya mtazamaji. Kanuni hii ilisahaulika baada ya filamu ya Minority Report ya mwaka 2002, iliyomwonyesha Tom Cruise akiwa na glavu, mikono juu, akisukuma picha hewani kama mwongoza kwaya. Ishara hizo zilitokana na ushauri wa John Underkoffler wa MIT, na kwa sinema zilifaa. Kosa ni la wanaozifanya kipimo cha kazi ya kutwa. Hadi leo ishara za namna hiyo hupigiwa makofi majukwaani, na ni kazi mbovu.

Mgeni wa fani hutazama vidole. Mjuzi hutazama kiwiko. Kiwiko kikitulia ubavuni au kikiegemea kiti, bega hupumzika. Kikiinuka, bega hubeba mkono mzima, ambao una karibu asilimia 5 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 huwa ameinua kilo 3.5 kabla hajafanya lolote. Msuli uliokaza bila kusogea hubana mishipa yake wenyewe, damu hupita kwa shida, na uchovu huingia baada ya dakika chache. Wahandisi huuita mkono wa sokwe. Waliotumia kalamu za mwanga kwenye skrini zilizosimama wima waliujua zamani.

Mfano bora ni wa miwani za kompyuta, HoloLens ya mwaka 2016 na Vision Pro ya mwaka 2024. Ya kwanza ilimtaka mtumiaji ainue mkono mbele ya kamera ndipo abonyeze hewani. Ya pili ina kamera zinazotazama chini, kwa hiyo mtumiaji hufinya vidole huku mkono umelala pajani. Kazi ya vidole inakaribiana. Kilichobadilika ni kiwiko.

Mabingwa walilijua hili mapema. Clara Rockmore alipiga theremini, ala isiyoguswa, mwili ukiwa umetulia kabisa, akibadilisha sauti kwa kukunja na kukunjua vidole. Wazungumzaji wa lugha za alama hutumia zaidi nafasi iliyo mbele ya kifua, viwiko karibu na mbavu. Mwaka 1980, Richard Bolt wa MIT alimkalisha mtumiaji kitini, akamwachia mkono uonyeshe mahali tu, maneno mengine yakasemwa kwa sauti. Vyombo vya enzi ile vilikuwa dhaifu, lakini waundaji wake waliuheshimu mwili.

Baada ya kiwiko hufuata vidole. Kifundo cha mkono kiinuke kidogo, vidole vijikunje kama vinavyoshika chungwa. Ishara inayodai kidole cha pete kisimame peke yake ikataliwe, kwa kuwa kano zake zimeungana na za jirani zake. Kufinya kwa gumba na kidole cha shahada hushinda ishara nyingine zote: ngozi ikigusana, mtumiaji anajua imeanza, na ikiachana, anajua imekwisha.

Marejeo ya mkono nayo yapimwe. Mkono uliopangusa kushoto lazima urudi kulia, na mfumo mbovu huyasoma marejeo hayo kama amri mpya. Mwendo wa ishara usizidi shubiri moja. Mikono miwili ni ya kukuza na kuzungusha tu. Orodha yenye ishara zaidi ya sita ni dalili ya mbunifu asiyejua kuchagua.

Mbunifu mdanganyifu hutambulika kwa onyesho lake. Huwa la dakika mbili, hufanywa kwa kusimama, na kila anapoeleza jambo huteremsha mkono, akipumzika bila hadhira kugundua. Dawa yake ni kumkalisha kwenye kiti cha kawaida na kumpa kazi halisi ya dakika 20: kupanga faili, kusoma, kurekebisha makosa. Anayepima asitazame skrini hata mara moja. Akitazame kiwiko, kisha mkono wa pili. Ishara inayoufanya mkono wa pili uende kukanda bega haifai, hata ikishangiliwa na ukumbi mzima.